Mkaa Umekolea, Moshi Umeisha. Sumu Je?

Kama una ndugu Karatu, Mbulu, Rombo au Lushoto, unaujua ule ujumbe wa mwezi wa sita: "Huku baridi imeanza, tutumie majaketi." Wewe uko Kariakoo, feni inazunguka, unajiuliza hao watu wanaishi Tanzania ipi. Lakini unaenda. Unapita Mtaa wa Kongo kutafuta sweta na soksi nzito, au unavuka hadi Karume kuchambua mitumba, maana yale makoti mazito ya Ulaya hapa Dar hayana mnunuzi zaidi ya mtu anayesafiri kwenda kwenye baridi. Ukibakiwa na hela kidogo unaingia Gerezani, kwa mafundi wanaogonga mabati chakavu kutwa nzima, unaongeza jiko moja la mkaa. Kesho yake mzigo unapanda basi.

Majaketi hayana shida. Makala hii inahusu lile jiko.

Hapa mjini jiko la mkaa lina kazi moja, kupika. Ukimaliza ugali na mboga unalisogeza kibarazani, na ukiweza unamwagia maji makaa yaliyobaki uyatumie kesho. Huko juu milimani chakula kikiiva ndipo kazi ya pili inaanza. Mkaa ambao sasa umekolea, hautoi moshi, unang'aa mwekundu vizuri, unaingizwa chumbani. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa, na mahali pengine kitambaa kinawekwa chini ya mlango ili upepo usipite. Watu wanalala.

Wengi wanaamka. Hilo ndilo linaloleta shida, maana mtu akiamka salama mara 40 haoni kwa nini ya 41 iwe tofauti.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe, kwa sababu sisi wa Pwani tuna tabia ya kudhani watu wa milimani wanadeka. Hewa inapoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukiondoka ufukweni na kufika pale, kabla hata hatujataja msimu, umeshapoteza nyuzi 15 hivi. Ongeza kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo jua liko upande wa kaskazini wa dunia na upepo wa kusi unavuma. Ongeza usiku usio na mawingu, ambapo ardhi inatupa joto lake angani bila kizuizi. Hapo vipimo vinashuka chini ya nyuzi 10 bila taabu, na kule Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, asubuhi unakuta jalidi, ile barafu nyembamba juu ya majani.

Halafu angalia nyumba: tofali, bati, sakafu ya saruji. Bati halizuii joto kutoka. Nyuzi 8 nje zinaweza kuwa 11 ndani. Kwa mtoto aliyezaliwa juzi hiyo si adha tu, ni hatari, kwa sababu mwili wake ni mdogo, ngozi ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na hajui kutetemeka kama wewe. Mzee naye damu haizunguki kama zamani, na baridi hupandisha shinikizo la damu. Kwa hiyo anayeingiza jiko ndani si mjinga. Ana tatizo la kweli, na analitatua kwa kifaa alichonacho.

Maelezo mawili ya mtaani ambayo hayatoshi

Ukifuatilia taarifa za habari wakati wa baridi utakuwa umeshasikia habari ya aina hii: watu wamelala, asubuhi hawakuamka, chumbani limekutwa jiko la mkaa. Maelezo yanayofuata huwa mawili. Moja, "jiko lilimaliza oksijeni." Mbili, "walivuta hewa ukaa."

Hili la kwanza tulipige hesabu. Mkaa wa gramu 125 kwa saa, ambao ni moto mdogo tu wa kupasha chumba, unakula oksijeni lita 230 hivi kwa saa. Chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5 kina hewa lita 22,500. Hata ukikifunga, nyufa za mlango na paa huwa zinabadilisha hewa. Tuseme hewa yote inabadilika mara mbili kwa saa. Ukikokotoa unakuta oksijeni imeshuka kutoka asilimia 21 hadi kama 20.5. Huwezi hata kuhisi tofauti. Oksijeni haijaisha.

La pili lina tatizo la jina. Hewa ukaa ni kaboni dayoksaidi, gesi ile ile unayoitoa ukipumua na iliyo kwenye soda. Ikizidi sana inadhuru, lakini inakupa taarifa: unahema, kifua kinabana, unaamka. Gesi inayoua chumbani ni ndugu yake, kaboni monoksaidi. Majina yanafanana, na kwa Kiswahili cha magazeti zote mbili zinaishia kuitwa "hewa ya ukaa", lakini tabia zake ni tofauti kama maji na petroli. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikufanyi ukohoe. Mwili wa binadamu hauna mlango wa kuihisi.

Inatoka wapi? Nenda karibu na jiko uangalie. Hewa inaingia chini, kwenye kile kidirisha cha majivu, inakutana na mkaa unaowaka, oksijeni inaungana na kaboni na kuwa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inapanda. Sasa juu yake kuna tabaka jingine la mkaa wa moto, na hapo oksijeni imeshapungua. Kaboni dayoksaidi inapopenya katikati ya kaboni yenye moto mkali, inagawana nayo oksijeni yake, na molekuli moja ya kaboni dayoksaidi inatoka upande wa juu ikiwa molekuli mbili za kaboni monoksaidi. Jiko la mkaa ni kiwanda kidogo cha gesi hii, na kinafanya kazi vizuri.

Umewahi kuona ule mwali mdogo wa bluu unaocheza juu ya makaa? Hiyo ni kaboni monoksaidi yenyewe inaungua. Mwali ukiwepo, sehemu ya sumu inachomwa kabla haijakufikia. Lakini mtu anayetaka jiko lidumu hadi alfajiri anafanya nini? Anafunga kidirisha cha chini, anafukia makaa kwa majivu. Moto unapoa, mwali wa bluu unazimika, na gesi inatoka bila kuungua. Yaani ujuzi ule ule wa kulifanya jiko lidumu usiku kucha ndio unaoongeza sumu kwa kila kipande cha mkaa.

Na moshi? Moshi wa kuni unatokana na maji, mafuta na vitu vingine vilivyomo kwenye mti ambavyo havijaungua vizuri. Mkaa umeshapoteza vingi vya hivyo tanuruni, kule porini, kabla haujapakiwa kwenye gunia. Ndiyo maana mkaa uliokolea hauna moshi. Sisi tumefundishwa kwa macho na pua kwamba moshi ndio hatari, kwa hiyo moshi ukiisha tunaona hatari imekwisha. Hapo ndipo tunapokosea, na jiko linaingia ndani wakati huo huo.

Damu inavyotekwa

Chembe nyekundu za damu zimebeba hemoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni kwenye mapafu na kuishusha mwilini. Fikiria daladala za kutoka Mbagala kuja Gerezani: abiria anapanda, anashuka, kiti kinabaki kwa mwingine. Kaboni monoksaidi ni abiria anayepanda na kukataa kushuka. Hemoglobini inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo gesi kidogo sana hewani inatosha kujaza viti vingi. Na kuna ubaya wa ziada: viti vilivyobaki na oksijeni navyo vinakuwa vigumu kuiachia inapofika kwenye ubongo na moyo.

Mskoti John Scott Haldane aliichunguza gesi hii mwaka 1895 kwa njia ambayo leo kamati yoyote ya maadili ingemfukuza: aliivuta mwenyewe huku akipima damu yake na kuandika anavyojisikia. Ndiye aliyependekeza wachimba makaa ya mawe wabebe wanyama wadogo ndani ya mgodi, panya na baadaye ndege wa kanari, kwa sababu miili yao inaathirika haraka kuliko ya mtu. Migodi ya Uingereza ilianza kuwaachisha kazi ndege hao mwaka 1986, vipimo vya kielektroniki vilipochukua nafasi yao.

Kutoka kwa Haldane tuna mlinganyo rahisi unaotuambia ni sehemu gani ya hemoglobini itatekwa. Tuutumie kwenye chumba chetu cha mita 3 kwa 3. Kilo moja ya mkaa ikiungua jikoni hutoa takriban gramu 200 za kaboni monoksaidi. Sisi tunachoma nusu kilo tu, kwa saa 4. Hiyo ni gramu 25 kila saa. Hewa inabadilika mara mbili kwa saa, kama tulivyosema. Gesi itatulia kwenye kiwango cha sehemu 485 hivi kati ya milioni za hewa. Shirika la Afya Duniani linataka, kwa muda wa saa moja, isizidi miligramu 35 kwa mita ya ujazo, ambayo ni kama sehemu 30 kati ya milioni. Tumezidisha mara 16. Ukilala humo muda wa kutosha, mlinganyo unasema zaidi ya theluthi moja ya hemoglobini yako itakuwa mikononi mwa kaboni monoksaidi. Katika kiwango hicho mtu anaumwa kichwa vibaya, anatapika, anachanganyikiwa, na miguu haimbebi. Ikifika nusu anapoteza fahamu.

Ona sasa kwa nini mara 40 mtu anaamka. Badilisha namba moja tu kwenye hesabu hiyo. Upepo ukivuma, nyufa zinapitisha zaidi. Mkaa ukiwa kidogo, moto unazimika mapema. Usiku wa 41 upepo umetulia, kuna mvua, mmeziba nyufa vizuri zaidi, mkaa ni wa mti mgumu unaodumu. Mmefanya yale yale mliyofanya jana.

Milima nayo inaongeza lake, jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Kwenye mita 2,300 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na hapa Kariakoo, kwa hiyo oksijeni inayoingia mapafuni ni pungufu pia. Kaboni monoksaidi inagombania viti na abiria wachache zaidi. Jiko lile lile, mkaa ule ule, chumba kile kile: Ngorongoro kinadhuru kuliko Gerezani.

"Si tunaacha dirisha wazi kidogo?"

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila mtu anauliza, na ni swali zuri. Twende na hesabu hiyo hiyo. Ili gramu 25 kwa saa zisizidi kiwango cha miligramu 35, unahitaji kupitisha mita za ujazo 714 za hewa kila saa. Chumba kina 22.5. Maana yake hewa yote ya chumba ibadilike karibu mara 32 kwa saa, kila baada ya dakika mbili. Ukifanikiwa kufanya hivyo umelala nje. Joto limeondoka pamoja na sumu, kwa sababu vyote viwili vinasafiri na hewa ile ile. Hakuna ufa wa dirisha unaochagua kutoa sumu na kubakiza joto.

Swali la pili: mbona babu zetu walilala na moto ndani? Ni kweli walilala. Wairaqw wa Mbulu, Wachaga, Wamaasai, wote walikuwa na moto ndani. Lakini msonge wa Kichaga uliezekwa kwa majani hadi chini, na majani hupumua. Moto ulikuwa wa kuni, na kuni zikikosa hewa hutoa moshi unaokukurupusha. Tena humo ndani walilala na ng'ombe na mbuzi, na ng'ombe mmoja ni hita ya mamia ya wati isiyotoa kaboni monoksaidi. Bei yake ilikuwa nyingine: macho mekundu, kifua kibovu, watoto wenye nimonia, maana chembe za moshi wa kuni zinaharibu mapafu taratibu. Huko Kajiado, Kenya, shirika la ITDG, ambalo siku hizi linaitwa Practical Action, lilifanya kazi na kina mama wa Kimaasai kuweka makofia ya bati juu ya mafiga ili moshi upande na kutoka nje, kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tumebadilisha nyumba, tumeweka tofali, dari ya jipsamu na dirisha la aluminiamu linalobana, halafu tukaingiza ndani moto usio na moshi. Huo mchanganyiko babu hakuwa nao.

Mengine tuyapitie haraka. Sufuria ya maji juu ya jiko haisaidii, kwa sababu gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiwango cha maana. Maji yatachemka tu. Kulala juu kitandani badala ya chini hakusaidii, wala kulala chini, kwa sababu uzito wake unakaribiana sana na wa hewa ya kawaida na inaenea kila mahali. Maziwa hayasaidii, sumu iko kwenye damu, haiko tumboni. Kengele ya moshi ile ya dari haiijui gesi hii. Kuna kengele maalumu za kaboni monoksaidi, na hizo kweli zinafanya kazi. Na kabla wewe wa mjini hujajiona uko salama: jenereta iliyowashwa ndani ya frem umeme ukikatika, mlango wa chuma ukiwa nusu, inatoa gesi hii hii, tena kwa kasi kuliko jiko.

Joto bila jiko

Kila mwaka baridi ikianza tunasikia tangazo: "Wananchi msilale na majiko ya mkaa." Ni kweli na ni sahihi. Lakini ukimwambia mama mwenye kichanga huko Rombo asiingize jiko bila kumwambia afanye nini na nyuzi 9, umemaliza nusu ya sentensi. Naona hata kwenye mjadala wa nishati safi tunaisahau hiyo nusu nyingine. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Ni mkakati wa kupikia, jina lenyewe linasema. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unaivisha maharage vizuri, lakini ukiuzima unapoa papo hapo. Kwenye kaya ya milimani jiko la mkaa linaweza kustaafu jikoni likabaki chumbani, na takwimu zetu za kupikia zitasema kaya hiyo imeshahama kwenye mkaa. Nisingependa kuona mtu akiwasha hata huo mtungi chumbani apate joto. Hiyo nayo ni hatari, ya gesi na ya moto.

Hita ya umeme je? Ya wati 1,000 ikiwaka saa 8 inakula uniti 8 kwa usiku. Kwa mwezi ni 240. Mtu aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, anazimaliza kabla ya usiku wa kumi. Kwa wengi jibu ni hapana.

Kwa hiyo fizikia inatupeleka kwingine: pasha mwili, achana na chumba. Ukiwa umelala, mwili wako unatoa joto la wati 80 hivi usiku kucha, bure. Kazi ni kulizuia lisitoroke, na linatoroka zaidi kwa chini kuliko watu wanavyodhani. Godoro jembamba juu ya sakafu ya saruji linanyonya joto hata ukijifunika mablanketi matatu. Weka maboksi chini ya godoro, yale makaratasi yenye mawimbi ndani, tabaka mbili au tatu. Kariakoo tunayatupa kila jioni. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kwenye yale mawimbi, na ndiyo sababu pia nguo tatu nyepesi zinashinda moja nzito. Kofia na soksi si urembo, hasa kwa mtoto na mzee.

Kisha maji ya moto. Yachemshe jikoni au nje, yaache yapoe kidogo, tia lita 2 kwenye mpira maalumu wa maji moto, ufunge vizuri na kuuzungushia kanga ili usimuunguze mtu. Maji hayo yakipoa kutoka nyuzi 60 hadi 35 yanatoa joto sawa na la mwili mmoja uliolala kwa zaidi ya dakika 40, na linaingia pale pale ndani ya blanketi, halikwendi kupasha bati. Usitumie chupa ya maji ya dukani, hujikunja kwa maji ya moto sana na inaweza kupasuka. Kichanga asiwekewe kitu cha moto pembeni. Joto lake ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, blanketi juu ya wote wawili. Njia hiyo ilianzishwa na madaktari wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa njiti waliokosa mashine za joto, na leo inatumika kwenye wodi za wazazi duniani kote, za kwetu zikiwemo. Hapa namsema hasa yule mzazi anayewekewa jiko chini ya kitanda ili "apate joto". Kama bado ni mjamzito ni hatari zaidi, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni inaishika kaboni monoksaidi na inachelewa kuiachia kuliko ya mama.

Kuna jambo moja Marekani walijifunza kwa uchungu. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme kwa siku kadhaa katika eneo la Seattle, katikati ya baridi. Mamia ya watu walipata sumu hii na baadhi walikufa. Wengi wa waliochoma mkaa ndani walikuwa wahamiaji ambao onyo la Kiingereza kwenye mfuko halikuwafikia. Gazeti la Seattle Times lilitoa onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa. Gunia letu la mkaa halina hata onyo la kutofikiwa. Lakini jiko linapita mkononi mwa fundi, na bati lina nafasi. Alama ya nyumba iliyopigwa mkwaju, imegongwa kwa patasi ubavuni, haihitaji mtu ajue kusoma. Ningependa kuona mtu akiipeleka hoja hii kwa mafundi wa Gerezani.

Ukikuta watu wamelala na hawaamki

Usianze kuwatikisa. Fungua mlango, vuta pumzi nje, ingia, watoe watu kwanza au jiko kama liko karibu zaidi, na usikae humo. Waokoaji nao huanguka. Kisha hospitali, hata kwa aliyezinduka na kusema yuko sawa. Kwenye hewa ya kawaida damu inachukua karibu saa 5 kupunguza nusu tu ya gesi hii. Kwa oksijeni ya hospitali kupitia barakoa ni kama saa moja hadi moja na nusu. Wengine huonekana wamepona, halafu baada ya siku kadhaa au wiki kumbukumbu inaanza kuyumba.

Kuna wale ambao hawakupoteza fahamu. Wameamka na kichwa kizito, kichefuchefu, mwili umechoka. Hapa Tanzania ukitaja dalili hizo jibu ni malaria, na mara nyingi ni kweli malaria. Tofauti ya kuangalia: hakuna homa, wameamka hivyo watu wote wa chumba kimoja asubuhi moja, na wakishakaa nje nusu siku wanapata nafuu bila dawa. Wanaolala chumba kingine hawana kitu.

Na ufikapo zahanati, utabanwa kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, ambacho tangu UVIKO kila mtu anakijua. Kifaa cha kawaida kinapima kwa rangi ya damu, na hemoglobini iliyotekwa na kaboni monoksaidi ina wekundu unaofanana na wa ile yenye oksijeni. Kitaandika 98 kwa mtu ambaye theluthi ya damu yake haibebi kitu. Muuguzi hawezi kujua mlichofanya usiku, na kifaa hakitamwambia. Kwa hiyo kabla hujaeleza kichwa wala tumbo, sema: "Tulilala na jiko la mkaa ndani."